Muziki wa Kiairishi: wa jukwaani na wa kwenye kona ya baa

SWALI: "Mwalimu, shikamoo. Nafanya kazi ya kulea wazee huku Ireland, upande wa Galway, mwaka wa nne sasa. Kiangazi kilichopita nilimpeleka binti yangu wa miaka tisa Dublin kuona Riverdance, ile shoo ya dansi ya Kiairishi. Kwa kweli tulilia. Tangu siku hiyo mtoto anagonga sakafu ya jikoni asubuhi na jioni. Lakini mzee mmoja ninayemhudumia, mzaliwa wa kaunti ya Clare ambaye zamani alipiga konsetina, kile kinanda kidogo cha mkononi cha kuvuta na kusukuma, aliposikia tulikokwenda alicheka, akasema ule si muziki wao, ule wa kuuzia wageni. Nikaenda baa moja kuusikia huo wa kweli. Watu wanane wamekaa duara, wametupa mgongo, kila wimbo unafanana na uliopita, hakuna aliyeimba wala kututazama. Nilitoka nimechoka. Sasa nauliza: kwenye shoo tulidanganywa? Na huyu mtoto nimpeleke kujifunza wapi?"

JIBU: Marahaba, dada yangu. Hamkudanganywa, na mzee wako hakusema uongo. Ila hilo neno "wetu" limebeba mengi, na nikikujibu kwa mstari mmoja nitakuwa nimekuacha pale pale ulipo.

Nianze na baa, maana ndiyo iliyokuacha njia panda. Shoo ina taa, ina moshi, ina safu ya watu wanaogonga sakafu kwa pamoja kama mguu mmoja. Ile haihitaji mkalimani. Ulichokiona kwenye baa wenyewe wanakiita seisiún, mimi nitakiita kikao. Wale watu hawakuwapa mgongo kwa dharau. Wamekaa duara ili wasikizane, kwa sababu hakuna kipaza sauti na hakuna kiongozi. Hawakuwa wakiwapigia nyinyi, walikuwa wakipigiana. Ni kama mtu anayepita barazani akawakuta wazee kwenye bao, akasimama kutazama. Hakuna atakayemfukuza, lakini pia hakuna atakayesimamisha mchezo ili amweleze kete zinakwendaje.

Kwamba kila wimbo unafanana na mwingine, hilo nalikubali. Miezi sita ya mwanzo nami nilikuwa hivyo hivyo. Wote wanapiga mahadhi yale yale kwa pamoja: fidla, filimbi, konsetina, banjo. Hakuna anayeachiwa nafasi ya kujionyesha peke yake. Tuni ya kawaida ina sehemu mbili, kila sehemu bari nane (bari ni fungu dogo la mapigo), kila sehemu inarudiwa, jumla bari 32. Wanaizungusha mara tatu hivi, mmoja anatupa jicho, na bila kupumua wameshahamia tuni nyingine. Ukikosa lile jicho, unadhani bado ni wimbo ule ule umekuwa mrefu.

Njia ya haraka ya kuanza kuzitofautisha ni kutumia tumbo. Tuni aina ya jigi inakwenda kwa tatu tatu: sema moyoni chapati, chapati, chapati, chapati. Tuni aina ya rili inakwenda kwa nne nne: kachumbari, kachumbari. Kaa na kinywaji chako, jaribu chapati. Zikigoma, jaribu kachumbari. Siku ukiweza kujua ni ipi kabla sehemu ya kwanza haijarudiwa, umeshaingia mlangoni. Ile dansi ya viatu laini aliyoipenda binti yako, wasichana wakiwa kama wanaelea, hiyo ni slip jig: chapati tatu kwa kila bari badala ya mbili za jigi.

Ukishajua ni chapati au kachumbari, sikiliza noti moja ndefu. Tuseme ni G. Mpiga filimbi hataiacha ilale. Atainua kidole kimoja na kukirudisha upesi kuliko kupepesa jicho, kisha atapiga kidole kingine kwenye tundu la chini na kukiondoa, na ile noti itasikika kama imejikunja na kujikunjua bila kuacha kuwa G. Mzunguko wa pili, mahali pale pale, huenda akaiacha ndefu na tupu. Wa tatu, mwenye fidla kando yake ataikata vipande vitatu vidogo kwa upinde, na mwenye filimbi ataguna au atatabasamu. Tuni ni ile ile. Kilichotokea ndani yake hakikupangwa na mtu, wala kesho hakitakuwepo. Wale wanane uliowaona wamenyamaza walikuwa kwenye mazungumzo marefu, ila lugha ndiyo hukuijua.

Nikupe na aibu yangu, usije ukairudia. Mara ya kwanza kuingia kikaoni, kwenye kijiji kimoja cha Clare, baa ilikuwa imejaa na ndani ya duara palikuwa na kiti kitupu karibu na moto. Nikaketi. Hakuna aliyesema neno. Waliendelea kupiga, mmoja akaniletea hata maji. Baada ya nusu saa mlango ukafunguka, akaingia mzee na kisanduku cha konsetina, akasimama. Hakunitazama mimi, alitazama kiti. Tangu siku ile najua kwamba kiti kitupu ndani ya duara kina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuwa bado yuko zizini anakamua ng'ombe.

Sasa shoo. Riverdance ilizaliwa tarehe 30 Aprili 1994, kwenye ukumbi wa Point, Dublin, usiku wa mashindano ya nyimbo ya Eurovision. Ilikuwa kazi ya dakika saba tu, ya kujaza muda wakati kura zinahesabiwa. Ireland ilishinda mashindano yale kwa mwaka wa tatu mfululizo, na watu wachache leo wanaukumbuka wimbo ulioshinda. Wanachokumbuka ni zile dakika saba: kwaya ya Anúna inaanza taratibu, anatoka mcheza dansi Jean Butler, halafu mwenzake Michael Flatley anaingia mbio mikono hewani, kisha safu nzima inasogea mbele kwa kishindo. Februari 1995 ukumbini pale pale ikawa shoo kamili. Mwaka huo huo Flatley akaondoka, na mwaka 1996 akaja na shoo yake, Lord of the Dance.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mzee wako. Waliotengeneza kitu kile hawakuwa wageni. Bill Whelan, mzaliwa wa Limerick aliyetunga muziki wake, alikuwa amefanya kazi na Planxty, kundi la muziki wa mapokeo, na mwaka 1981 yeye na Dónal Lunny walishatunga kipande cha mapumziko cha Eurovision nyingine iliyofanyika Dublin. Flatley, mzaliwa wa Chicago, aliwahi kushinda mashindano ya Ireland yote kwa kupiga filimbi, mbali na dansi. Davy Spillane, aliyepiga ile zumari ya mfuko inayojazwa upepo kwa mvukuto wa kiwiko, ni fundi ambaye hakuna kikao kingemkataa. Eileen Ivers wa fidla alizaliwa Bronx, akafundishwa na mhamiaji kutoka Limerick, akarudi Ireland mara nyingi kuchukua ubingwa. Watu hawa waliijua nyumba kwa ndani kabla ya kuipaka rangi ya nje.

Kwa hiyo kilichobadilika ni nini? Kwanza, muziki wenyewe si wa mapokeo, na Whelan hakusema ni wa mapokeo. Ni utunzi mpya. Mwaka 1992 alishatengeneza albamu ya muziki wa Balkani pamoja na Andy Irvine na Spillane, na ile mipigo inayochechemea, isiyogawanyika sawasawa kwa mbili wala kwa tatu, ameitia ndani ya Riverdance. Ukijaribu chapati inakwama, ukijaribu kachumbari inakwama. Shoo ya kwanza ilikuwa na mcheza flamenko, ile dansi ya Kihispania, María Pagés, ilikuwa na wacheza dansi wa Kirusi, ilikuwa na waimbaji na wacheza tapu Wamarekani weusi. Yeyote aliyekaa pale akaamini anaangalia jikoni kwa bibi yake wa Kiairishi alijidanganya mwenyewe.

Pili, na hili kwangu ndilo zito, jukwaani usiku wa leo lazima ufanane na wa jana. Mtu wa taa anahesabu. Wachezaji thelathini wanahesabu. Mpiga fidla akiamua kurudia sehemu ya pili kwa sababu imemnogea, watu wataangukiana. Zile kunja na kunjua za noti ya G zinachaguliwa mazoezini, zinaandikwa, zinapigwa vile vile mara nane kwa wiki. Zinaweza kuwa nzuri sana. Lakini yale mazungumzo yameshaisha, unachosikia ni kumbukumbu zake zilizosafishwa. Nimewajua wapigaji walioishi kwa kazi za namna hii, na wengi wao shoo ikiisha walikuwa wakitafuta baa yenye kona tulivu wapige mpaka alfajiri, bila malipo, tuni zile zile walizozipiga kwa mshahara saa tatu kabla.

Tatu ni dansi. Zamani mcheza dansi wa kijijini alicheza jikoni. Mahali pengine mlango uling'olewa kwenye bawaba, ukalazwa chini ili miguu isikike, na mwenye fidla aliketi karibu kiasi cha kuguswa na magoti. Miguu ilimjibu na yeye akaijibu miguu. Kwenye ukumbi wa watu elfu mbili bendi inakaa pembeni na muziki unakuwa zulia la kukanyagia. Lakini kosa hili usilitupie shoo peke yake. Dansi iliyoonekana mwaka 1994 ilikuwa imeshahamishwa jikoni miaka mingi nyuma, na waliohamisha ni wenyewe wazalendo. Chama cha Kiairishi, Gaelic League, kilichoanzishwa mwaka 1893 kuokoa lugha, kiliokoa na dansi kwa namna yake: kikachagua zipi ni za kitaifa na zipi za kigeni. Zile dansi za watu wanane wanaokabiliana jozi kwa jozi, ambazo wazee wa Clare wanazipenda kuliko roho zao, zilitiliwa shaka kwa sababu asili yake ni kadrili za Kifaransa. Baadaye tume ya dansi ikaweka kanuni za mashindano, na mikono ikagandishwa mbavuni.

Sasa ona kichekesho. Flatley alipoinua mikono, dunia ilisema amevunja mila. Huko Connemara, magharibi ya Galway, saa moja tu kutoka mlangoni kwako, wacheza sean-nós, yaani wa mtindo wa kale, hawakuwahi kufunga mikono. Wanacheza wakiwa wameteremsha miguu karibu na sakafu, mikono inayumba inavyotaka, mmoja mmoja, eneo halizidi ukubwa wa mkeka wa kuswalia. Mila iliyovunjwa haikuwa ya kale kama walivyodhani.

Na hapa nirudi kwa mzee wako, kwa heshima zote, maana pengine hata hicho kikao cha baa ni kidogo kwake kiumri. Alipokuwa mtoto, muziki Clare ulikuwa jikoni na kwenye kumbi. Sheria ya mwaka 1935 ilitaka kila dansi ya hadhara iwe na kibali cha mahakama, na mapadri pamoja na polisi waliitumia kubana hata mikusanyiko ya majumbani. Watu wakasukumwa kwenye kumbi za parokia, ukumbi ukataka sauti kubwa, ndipo zikashamiri bendi za céilí, yaani za kuchezea dansi, zenye piano na drams, kama Kilfenora na Tulla. Watu kukaa duara ndani ya baa na kupigiana kulishika zaidi miongoni mwa vibarua wa Kiairishi mjini London baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Hawakuwa na jikoni, walikuwa na vyumba vya kupanga. Ireland yenyewe ilizoea desturi hiyo katika miaka ya 1960. Leo mtalii anaambiwa ni ya tangu enzi na enzi.

Vyombo navyo ni hivyo hivyo. Konsetina ya mzee ilibuniwa viwandani katika karne ya 19, Uingereza na Ujerumani. Ilifika Clare ikawa chombo cha wanawake hasa, mpaka Elizabeth Crotty wa Kilrush akajulikana nchi nzima kwa redio. Buzuki, chombo cha nyuzi chenye shingo ndefu, imetoka Ugiriki, akaileta Johnny Moynihan katika miaka ya 1960. Bodhrán, ile ngoma ya ngozi ya mbuzi, ndugu wa dufu letu, ilikuwa ya vijana wanaozunguka majumbani tarehe 26 Desemba wakiomba senti. Aliyeipa kiti kati ya vyombo vingine ni mtunzi Seán Ó Riada alipounda kundi lake karibu mwaka 1960. Na yeye, angalia, aliwapandisha wapigaji jukwaani wakiwa na suti nyeusi na tai za kipepeo. Kutoka kwenye kundi lile wakazaliwa The Chieftains, waliozunguka dunia nusu karne. Hakuna mtu leo anayewaita feki.

Hata biashara haikuanza na Riverdance. Michael Coleman alizaliwa Killavil, Sligo, mwaka 1891, akahamia Marekani mwaka 1914. Miaka ya 1920 makampuni ya New York yalirekodi fidla yake yakauza santuri kwa wahamiaji. Zile santuri zikarudi nyumbani kwenye vifurushi vya shangazi na wajomba. Vijana wa Kerry, Galway na Donegal wakakaa mbele ya gramafoni wakaiga upinde wa Sligo, na mitindo ya vijiji vyao ikaanza kufifia. Santuri ile ilikuwa bidhaa, ya dakika tatu, ina piano ambayo mara nyingine mpigaji wake hajui aende wapi. Leo mtu akipiga kwa namna ya Coleman anaambiwa anapiga kwa mapokeo safi. Na vitabu ambavyo vikao vingi viliegemea kwa miongo, chenye tuni 1,850 cha mwaka 1903 na kingine cha 1907, vilikusanywa Chicago na Francis O'Neill, mkuu wa polisi wa mji ule, mzaliwa wa Cork, aliyewaandikisha polisi wapiga zumari akawa anawaita wampigie.

Basi mtu akikuambia kipimo ni umri, mwulize kuhusu buzuki. Akisema kipimo ni pesa, mwulize kuhusu Coleman. Na wengi hawajui kwamba katika baa nyingi wapigaji wawili au watatu katika lile duara wanalipwa na mwenye baa ili kikao kisikose mhimili. Ukienda mtaa wa Temple Bar, Dublin, utakuta baa yenye vipaza sauti na gitaa, na mtu anaimba nyimbo zile zile kumi kila usiku kwa ajili ya wageni. Hiyo iko baa, lakini ni shoo kuliko shoo. Mimi kipimo changu ni kimoja tu: je, usiku wa leo ungeweza kwenda vingine? Angeingia mtu na tuni ambayo hawajaisikia, wangesimama wamsikilize? Mtoto angeanza kwa kasi ya konokono, wangemfuata? Kama ndiyo, upo mahali penyewe, hata kama ni jukwaani. Mpiga fidla Martin Hayes wa Clare na Dennis Cahill wa gitaa walikuwa wakianza tuni moja taratibu sana mbele ya ukumbi uliojaa, wakaipandisha dakika kwa dakika, wakaunganisha nyingine bila kuambiana. Tiketi zilikuwa zinauzwa vizuri tu.

Nisije nikaonekana nawatetea wote wa jukwaani. Ninayo manung'uniko, na hayaihusu sana Riverdance, ambayo kama utunzi ni kazi ya maana. Yanahusu neno "Celtic", yaani "ya Wakelti wa kale", lililobandikwa kwenye kila kitu baada yake. Kundi la Celtic Woman lilianza Dublin mwaka 2004, likapelekwa kwenye televisheni ya umma ya Marekani mwaka uliofuata, likapendwa mno. Lina waimbaji hodari, na lilikuwa na fidla ya Máiréad Nesbitt, mtoto wa familia ya wapigaji kutoka Tipperary. Lakini nyimbo zilizolibeba ni zipi? "You Raise Me Up", uliotungwa na Mnorwei Rolf Løvland, maneno ya Mwairishi Brendan Graham, na ambao nadhani umeusikia kwenye harusi na mazishi kwetu mara nyingi kuliko huko Galway. "Danny Boy", ambao mahadhi yake yalichapishwa mwaka 1855 lakini maneno ni ya wakili Mwingereza, Frederic Weatherly. Si dhambi. Lakini mtu anakwenda nyumbani akiamini amesikia sauti ya Ireland, na sauti ile imelainishwa kiasi kwamba haina kijiji tena.

Linganisha na uimbaji wa sean-nós. Siku ukibahatika utajua tu, kwa sababu baa itanyamaza ghafla na mtu atasema mashine ya kahawa izimwe. Mwimbaji ni mmoja, hana chombo, mara nyingi amefumba macho au amegeukia ukuta. Anaimba kwa Kiairishi ubeti baada ya ubeti, bila kupandisha sauti penye uchungu. Uchungu anautia kwenye kukunja silabi, mahali tofauti kila ubeti. Aliye karibu huweza kumshika mkono na kuuzungusha polepole kama anakoroga uji, kumtia nguvu. Ukiisha, anaweza kuusema mstari wa mwisho kwa maneno ya kawaida, kama mtu anayeweka kikombe chini. Joe Heaney wa Carna, Connemara, aliyekuwa mmoja wa mafundi wakubwa wa karne iliyopita, aliishi New York akifanya kazi ya kufungua mlango wa jengo la matajiri. Waliopita mlangoni pale hawakujua. Sijaona shoo iliyoweza kuweka kitu hiki jukwaani bila kukitia kinanda nyuma, na kinanda kikiingia, zile kunja za silabi zinalazimika kufuata saa.

Wenyewe walishagombana juu ya haya hadharani. Mwaka 1995 kilitoka kipindi cha mfululizo cha televisheni cha mpiga piano Mícheál Ó Súilleabháin kilichosifu mabadiliko, Tony MacMahon, mpiga akodioni wa Clare, akakipinga kwa ukali, na mwaka 1996 wakakutana Dublin kwenye mkutano mzima wa kujadili mapokeo na mabadiliko. Hawakukubaliana. Huyo mzee wako anapocheka, anacheka kwa niaba ya kambi moja ya ugomvi ambao una wenyewe. Usidhani amekudharau wewe.

Tuje kwa binti. Ametaka dansi, mpe dansi, asinyimwe kwa sababu ya siasa za watu wazima. Ila kabla hujalipa, muulize mwalimu swali moja: darasa hili linaandaa watoto kwa mashindano? Kama ndiyo, jiandae: kuna viatu laini na vigumu, kuna gauni la mashindano ambalo bei yake inaweza kukushtua, kuna wigi la nywele za mapindo, kuna Jumapili nzima kwenye ukumbi wa michezo mkisubiri dakika mbili za kucheza. Watoto wengine wanayapenda hayo na yanawajenga. Kama si hivyo, uliza darasa la sean-nós. Kwa kuwa uko Galway una bahati, Connemara iko hapo nyuma. Anahitaji viatu vyenye soli ngumu tu, na mikono hakuna atakayemfunga.

Pamoja na dansi, mtie kwenye muziki. Chama cha muziki wa mapokeo, Comhaltas, kilichoanza Mullingar mwaka 1951, kina matawi kila upande na madarasa ya watoto kwa ada ya kawaida; wanaanza na filimbi ya bati. Julai kuna wiki ya muziki ya Willie Clancy huko Miltown Malbay, Clare, inayofanyika tangu 1973. Kijiji kizima kinageuka darasa asubuhi na kikao jioni, na hata barabarani utakuta watoto wa umri wake wamekaa kwenye ukingo wa dirisha wanapiga. Huko atawaona wenzake, na mtoto huvutwa na watoto kuliko na hoja zangu. Baa nazo anaweza kuingia akiwa nawe, ila sheria inataka watoto watoke saa tatu usiku, saa nne kuanzia Mei hadi Septemba. Kwa hiyo tafuta vikao vya Jumapili alasiri. Kaeni nje ya duara, karibu na mwenye fidla. Usirekodi kwa simu kabla ya kuomba. Na kile kiti kitupu, unajua.

Filimbi utaipata duka lolote la muziki kwa bei ya chakula cha mchana. Angalia imeandikwa D. Zinauzwa na za C, zinafanana sana kwa sura, na akinunuliwa hiyo hataoana na mtu yeyote kikaoni. Nimeona mtoto akilia kwa kosa hilo la mzazi. Halafu siku moja ukienda kazini ichukue uende nayo. Usimpelekee mzee hoja za Riverdance. Muulize yeye mwenyewe alianza na tuni gani jikoni kwao, umwombe akupigie mluzi wake, uirekodi kwa simu baada ya kuomba ruhusa, na hiyo ndiyo iwe tuni ya kwanza ya mtoto.